Ramani huria ya Mara: Anayechora si lazima awe mwenye kauli

DESEMBA ni mwezi mgumu kwa mabinti wengi wa Mkoa wa Mara. Shule zimefungwa, ndugu wamerejea nyumbani, na pale ambapo wazee wa mila wa koo husika wamekwisha kutoa idhini, huo ndio msimu wa ukeketaji. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kitendo hicho kwa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha asilimia 28. Kiwango kinashuka, ila polepole mno kwa binti anayesubiri zamu yake.

Anayeamua kutoroka ana mahali pachache pa kukimbilia. Zipo nyumba salama Mugumu wilayani Serengeti, ipo wilayani Butiama, na kipo kituo cha Masanga wilayani Tarime. Tatizo huanza kabla ya kufika huko. Dereva au askari anayepigiwa simu usiku hutajiwa kijiji, kitongoji, labda na mti mkubwa au kilima. Kwa miaka mingi hapakuwa na ramani yoyote ya wazi iliyoonyesha majina hayo. Nje ya barabara kuu iendayo Musoma na Sirari, sehemu kubwa ya vijiji vya mkoa huu ilikuwa nafasi tupu katika ramani za intaneti.

Pengo hilo ndilo lililozaa Crowd2Map Tanzania mwaka 2015, mradi wa kujitolea ulioanzishwa na Janet Chapman, Mwingereza, kwa kushirikiana na wanaharakati wa Mara, akiwamo Rhobi Samwelly, ambaye shirika lake la Hope for Girls and Women Tanzania linaendesha nyumba salama za Mugumu na Butiama. Utaratibu wake si mgumu kuueleza. Watu waliotawanyika duniani, wengi wao wasiopata kukanyaga Mara, huangalia picha za satelaiti na kuchora nyumba, njia na mito. Kisha wakazi wenyewe huongeza kile ambacho satelaiti haikioni, yaani jina la kijiji, zahanati, shule, kisima, ofisi ya mtendaji. Yote huingizwa katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuihariri.

Kwamba kazi hiyo ina manufaa, hakuna anayebisha. Linaloulizwa kwa sauti ya chini ni jambo jingine: ramani hii ikishakuwa ya kila mtu, nani anaiamulia?

Ukisikia neno "huria" unaweza kudhani kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa. Halijajibiwa. Programu au ramani huwa huria kwa sababu leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na kuibadili. Leseni haisemi lolote kuhusu nani atakaa kwenye kiti cha uamuzi. Linux, iliyoanza mwaka 1991, hadi leo neno la mwisho juu ya kiini chake ni la mwanzilishi, Linus Torvalds. Lugha ya programu ya Python iliongozwa na mtu mmoja, Guido van Rossum, hadi alipojiuzulu wadhifa huo Julai 2018, na wachangiaji wakachagua baraza la watu watano. Debian wana katiba tangu mwaka 1998 na humchagua kiongozi wao kwa kura. Miradi hii yote ni huria, lakini kila mmoja una serikali yake, mingine ya kifalme, mingine ya kibunge.

Katika mingi ya miradi hii, kanuni isiyoandikwa ni kwamba atendaye kazi ndiye asemaye. Haki ya kusikilizwa hutokana na mchango. Kwa sikio la Mtanzania hilo linapendeza, kwa kuwa limekaribiana sana na mafundisho ya kazi aliyokulia nayo. Lakini kijiji cha Tanzania hakiendeshwi hivyo. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, ni wa kila mkazi aliyefikisha umri wa miaka 18. Mvivu yumo, mgonjwa yumo, asiyejua kusoma yumo. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na robo yao lazima wawe wanawake. Hapo sauti hutokana na kuishi mahali, hata kama mwenyewe hajachimba mtaro mmoja.

Kanuni hizo mbili ndizo zinazokutana, bila kujuana, katika ramani ya Butiama.

Uamuzi mwingi katika OpenStreetMap haufanywi na bodi yoyote. Unafanywa na aliyeketi mbele ya kompyuta wakati huo. Akiona njia ya vumbi iliyo kati ya vitongoji viwili, yeye ndiye anayechagua kama ataiita barabara, njia ya shamba au njia ya miguu, na chaguo hilo ndilo linaloamua iwapo simu ya dereva itamwelekeza kupita hapo au itamzungusha mbali. Madaraja ya barabara yanayotumika yalitungwa kwa kufuata mfumo wa barabara za Uingereza. Ndiyo maana wachora ramani wa Afrika Mashariki walilazimika kuandika mwongozo wao wa namna ya kuzipanga barabara za huku, ambako njia isiyo na lami yaweza kuwa ndiyo njia kuu kuelekea hospitali ya wilaya.

Alama mpya zinapohitajika, hupendekezwa, hujadiliwa na kupigiwa kura. Hapa ndipo msomaji wa mjini anapaswa kutega sikio. Pendekezo laweza kupita kwa kura nane tu za kukubali zisizo na upinzani, au kwa kura kumi na kuendelea iwapo robo tatu zimeunga mkono. Kura hizo ni za mradi wenye wahariri waliojiandikisha kwa mamilioni. Mjadala wenyewe huendeshwa kwa Kiingereza, na kwa kawaida wanaoshinda ni wenye subira ya kusoma hoja ndefu na intaneti isiyokatika. Orodha ya kwanza ya alama ilijua baa, kanisa na sanduku la barua. Wakala wa fedha kwa simu, ambaye leo yupo kila kona kuanzia Nyasho mjini Musoma hadi Kiabakari, hakuweza kuwamo, kwa sababu huduma hiyo ilikuwa haijazaliwa Afrika Mashariki mradi ulipoanza. Mtu wa huku alipaswa aje aseme. Na kabla ya kusema alipaswa ajue kwamba kuna mahali pa kusemea.

Juu ya haya yote kuna Taasisi ya OpenStreetMap, iliyoundwa mwaka 2006, inayomiliki seva na jina la mradi. Bodi yake ina wajumbe saba wanaochaguliwa na wanachama, si na wahariri wote. Ada ya uanachama ni pauni 15 za Uingereza kwa mwaka, fedha ndogo kwa mhandisi wa Ujerumani, nyingi kwa mwalimu wa shule ya msingi wa Bunda ambaye pia hana kadi ya kulipia ng'ambo. Matokeo hayakumshangaza yeyote: kwa miaka mingi wapiga kura wengi walikuwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Mwaka 2018 kura hizo zilionyesha udhaifu wa namna nyingine. Siku moja kabla ya kufungwa kwa orodha ya wapiga kura, wafanyakazi wapatao 100 wa kampuni moja nchini India walijiandikisha kwa pamoja, na uchunguzi wa ndani ukaona kuwa halikuwa jambo la bahati nasibu. Kumbe hata katika mradi wa hiari, mwenye ofisi kubwa aweza kujaza ukumbi.

Mwaka 2020 taasisi hiyo ililegeza sharti. Mtu aliyehariri ramani kwa angalau siku 42 ndani ya mwaka mmoja aweza kuwa mwanachama bila kulipa ada. Ulikuwa uamuzi wa haki, na yafaa usifiwe. Mwezi Desemba mwaka huohuo, makundi mbalimbali ya wachora ramani yalitoa tamko la pamoja yakilalamikia lugha ya dharau iliyokuwa ikiwafukuza wanawake na wageni katika mijadala. Mlango ulikuwa umefunguliwa, lakini ndani ya nyumba bado palikuwa na watu wasiotaka wenzao wakae.

Tanzania si mgeni katika shughuli hizi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitafsiri programu huria ya ofisi na kuipa jina la Jambo OpenOffice, na mjadala wa nani ana haki ya kuamua kwamba mashine iitwe kompyuta au tarakilishi haujaisha hadi leo. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata za Dar es Salaam zinazofurika kuchora mitaro na nyumba. Agosti 2018 jiji hilo lilipokea mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, na Septemba 2024 mkutano mkuu wa dunia wa OpenStreetMap ulifanyika Nairobi, mara ya kwanza katika bara hili. Viti vimesogezwa karibu. Lakini kutoka Nairobi hadi kitongoji cha Butiama bado ni mbali kuliko ramani inavyoonyesha.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote haukutoka kwenye ramani yenyewe, bali kwenye programu ya simu inayoisoma. Mtu anayefanya kazi vijijini huhitaji ramani isiyotegemea mtandao, na kwa miaka kadhaa programu iliyopendwa kwa kazi hiyo ilikuwa MAPS.ME. Ilikuwa bure, na tangu mwaka 2015 msimbo wake ulikuwa wazi. Mwaka 2020 iliuzwa, mwelekeo wake ukabadilika, na waliokuwa waanzilishi wake wakachukua msimbo uleule wakaanzisha Organic Maps, wakiahidi programu isiyo na matangazo wala upelelezi. Wachangiaji wa kujitolea waliifuata. Kisha, Aprili 2025, baadhi ya wachangiaji hao waliwaandikia wanahisa barua ya wazi. Walisema kwamba programu inayojengwa kwa jasho la wengi na michango ya fedha ya watumiaji ilikuwa chini ya kampuni ya wanahisa wachache, kwamba matumizi ya fedha hayakuwa bayana, na kwamba wanaofanya kazi hawana kauli katika maamuzi. Maridhiano hayakupatikana. Kabla ya mwaka huo kufika mwisho kulikuwa na programu nyingine, CoMaps, iliyoundwa na waliojitenga.

Watetezi wa programu huria husema kwamba hiyo ndiyo tiba: usiporidhika, chukua msimbo uondoke. Ni haki ya kweli na imeokoa miradi mingi. Lakini ni haki ya mwenye ujuzi wa kuandika msimbo. Mwanamke wa kijijini aliyefundishwa kutumia programu moja hawezi kujitenga na chochote. Yeye huamka akaambiwa kwamba programu imebadilika, ashushe nyingine, kwa bando lake mwenyewe. Mkoa wa Mara unaifahamu hali ya kuhamishwa bila kuulizwa. Wazee wa huko waliokuwa watu wazima wakati wa operesheni vijiji ya miaka ya 1970 wangeweza kuieleza bila msaada wa mtaalamu wa kompyuta.

Na si miaka ya 1970 pekee. Katika Kata ya Nyatwali mjini Bunda, kati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Ziwa Victoria, serikali iliamua katika miaka ya karibuni kuwahamisha wakazi kwa fidia ili eneo hilo liunganishwe na hifadhi. Ramani huria ina kanuni inayosifika: huandikwa kilichopo ardhini. Ikitokea mabishano ya jina au mpaka, huangaliwa wanaoishi hapo wanasemaje na kibao kinasomekaje. Ni kanuni nzuri hadi wanaoishi hapo wanapoondoka. Nyumba ikibomolewa, mhariri yeyote mwenye picha mpya ya satelaiti ana haki ya kuifuta, na atakuwa ametenda sawasawa na kanuni. Kitongoji kilichokuwa na jina kinarudi kuwa nafasi tupu, bila mkutano wowote kuitishwa.

Zaidi ya hapo zimeingia mashine. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa hadharani michoro ya majengo zaidi ya milioni 11 ya Tanzania, iliyosomwa na kompyuta kutoka picha za satelaiti. Google ilifuata mwaka 2021 na hifadhi yake ya majengo ya Afrika. Mwishoni mwa mwaka 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom walianzisha Overture, mradi wa pamoja wa data za ramani unaotumia pia kazi ya OpenStreetMap. Kazi ya kujitolea ya miaka kumi inageuka kuwa malighafi. Leseni inaruhusu, na hakuna aliyeibiwa. Hata hivyo ni dhahiri kwamba mwenye uwezo wa kumwaga majengo milioni 11 kwa siku moja ana uzito katika mazungumzo ambao mwenye kuongeza zahanati moja baada ya mvua kukatika hataupata kamwe, hata kama zahanati hiyo ndiyo taarifa pekee yenye thamani usiku wa dharura.

Je, dawa ni kukirudishia kijiji kauli yote? Hapo ndipo suala linapokuwa gumu kuliko wanavyokiri wanaharakati wa data. Kijiji nacho kina walio na sauti na wasio nayo. Miongoni mwa Wakurya, mkutano wa jamii uitwao iritongo kijadi ni wa wanaume, na tarehe ya tohara na ukeketaji hupangwa na wazee wa mila, si na binti atakayekatwa. Mkutano mkuu wa kijiji unamruhusu mwanamke kusema, lakini ruhusa hiyo haimwondolei hofu mbele ya baba mkwe wake. Laiti mwaka 2015 wachora ramani wangesubiri ridhaa ya wenye kauli katika kila kijiji, huenda baadhi ya njia zinazotumiwa leo na magari ya uokoaji zisingechorwa hadi sasa.

Walichofanya Crowd2Map na Hope kilipita kando ya wenye kauli wa aina zote mbili. Waliwapa simu na mafunzo wanavijiji, wengi wao wanawake, wakawafanya wawe macho ya mradi: kuongeza majina katika ramani na kutoa taarifa za ukatili kwa kutumia programu, zenyewe zikiwa huria. Mtu aliyekuwa kimya kwenye iritongo akawa ndiye anayeandika jina la kijiji kwa niaba ya dunia nzima. Si mapinduzi, lakini kwa kipimo cha mahali penyewe si jambo dogo.

Ndipo linapokuja jambo lisilostahimili uzembe, nalo ni usalama. Ramani ya wazi haimbagui msomaji. Njia inayomfikisha mwokozi yaweza kumfikisha baba mwenye hasira. Kwamba nyumba salama ipo wilayani Butiama ni habari inayojulikana. Lakini mlango wake, njia ya nyuma, na nyumba ya jirani anayewapokea wasichana kabla gari halijafika, hayo ni mambo ambayo kuyaweka au kutoyaweka katika ramani ni uamuzi wa maisha ya watu. Taratibu za OpenStreetMap zinakataza kuandika taarifa binafsi za mtu, na wahariri wenye busara huziheshimu. Ila hakuna utaratibu unaomlazimisha mhariri wa mbali, mwenye nia njema kabisa, kumuuliza mlezi wa nyumba hiyo kabla ya kuweka alama. Akiweka, huduma inayoitwa ya wote itakuwa imetumika dhidi ya wale iliyokusudiwa kuwasaidia. Katika suala hili hoja ya atendaye kazi ndiye asemaye haina nafasi. Mwenye kauli awe mlezi na mabinti wenyewe, hata kama hawajawahi kuchora mstari mmoja.

Ipo pia hesabu ndogo ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Siku 42 zinazompa mtu uanachama bila ada huhesabiwa moja kwa moja kwa akaunti. Mwanakijiji anayekusanya majina kwa simu, akayajaza katika fomu ya programu, kisha mtu mwingine mwenye intaneti imara akayapakia kwa akaunti yake, hana siku hata moja inayosomeka katika kumbukumbu. Kijiji kimo katika ramani, jina limeandikwa sawasawa, na sifa ya kazi imekwenda kwa aliyebonyeza kitufe. Kanuni za taasisi zinaruhusu kutambuliwa kwa mchango usio wa kuhariri, lakini mhusika anapaswa kuomba yeye mwenyewe, kwa maandishi, akieleza alichofanya. Kwa hiyo aliyetembea kutoka kitongoji hadi kitongoji akiuliza majina anatakiwa sasa aandike barua ya kuthibitisha kwamba alitembea, ndipo apate karatasi ya kura katika uchaguzi wa bodi.